Mawe ya Meko ya Cluain Ard

Cluain Ard, Mayo, Ayalandi
11 Aprili 1983

Kwa Bwana Fergal Tarpey, mtafiti wa mambo ya kale, Galway.

Baada ya salamu, mimi ni Sabina Gaughan. Katika gazeti la Jumamosi umeomba ruhusa ya kuchimba magofu ya Cluain Ard, na umeandika kwamba mwenye ardhi hajulikani. Anajulikana. Ni mimi, na ungeuliza nyumba yoyote ya parokia hii wangekuonyesha mlango wangu, ingawa wasingekusindikiza.

Ruhusa nakupa. Ila kwanza ujue unakuja kuchimba nini. Palikuwa na nyumba nane pale, na mashamba hayakuwa na kuta. Matuta ya viazi yaligawanywa kwa kura, haya yako leo, baada ya miaka michache ni ya jirani. Karne iliyopita viazi vikaoza, kodi ikadaiwa, msimamizi wa mwenye ardhi wa wakati huo akaja na askari. Familia saba zikatoka. Babu wa baba yangu, Antoine Gaughan, alisimama mlangoni akasema hatoki, na hakutoka. Ndiyo maana mimi nipo hapa, na wengine karibu wote wako Amerika au kaburini.

Kwa ushujaa huo tumelipwa nini? Tunaitwa wanyakuzi. Eti Antoine aliwauza wenzake kwa msimamizi ili apewe ardhi yao. Vinara wa maneno hayo ni akina Lavelle, waliohamia ng'ambo ya barabara wakagoma kwenda mbali zaidi. Tangu siku ile hakuna Lavelle aliyemwambia Gaughan neno hata moja. Huyu wa sasa, Myles, ni mzee kama mimi, na tunapishana barabarani kila siku. Yeye humsalimu mbwa wangu. Mimi ananipita kama nguzo ya simu.

Sikuolewa, Bwana Tarpey. Sura nilikuwa nayo na ng'ombe nilikuwa nao, na hakuna kijana wa hapa aliyethubutu kutia mguu kwetu. Hilo bado linaniuma na sioni haya kulisema. Kwa hiyo nina sharti moja. Chochote utakachokikuta kiandikwe, na mimi mwenyewe nitakisoma mbele ya watu katika ukumbi wa parokia. Nataka wasikie kutoka kwa mtu aliyesoma kwamba sisi tulibaki kwa haki.

Njoo na buti za mpira. Kuna tope.

Sabina Gaughan


Galway
20 Aprili 1983

Mpendwa Bi. Gaughan,

Nashukuru kwa ruhusa, na samahani kwa lile tangazo. Niliuliza ofisi mbili kabla ya kuliandika, sikuuliza jirani hata mmoja.

Sharti lako nalikubali, lakini lina makali kuwili. Mimi sichagui ninachokikuta. Nikikuta jambo usilolipenda, bado utalisoma? Tafadhali fikiri vizuri kabla hujanijibu. Kama utabadili nia sitakulaumu, na magofu mengine yapo.

Wako,
Fergal Tarpey


Cluain Ard
23 Aprili 1983

Nimefikiri. Njoo.

S. Gaughan


Galway
4 Julai 1983

Mpendwa Bi. Gaughan,

Tumerudi salama. Wanafunzi wangu hawautaki tena mkate wa dukani, wanasema umewaharibu kwa ule wako wa magadi soda, na mimi pia umeniharibu.

Nyumba zote nane zimeonekana. Tumepata misingi, mifereji ya maji, vipande vya mabakuli, na kiko cha udongo kilichovunjika shingo. Lakini kuna jambo nataka kukuuliza. Katika kila nyumba mahali pa moto papo wazi kabisa, udongo umeiva kwa kuungua miaka na miaka, ila jiwe la meko halipo. Nasema lile bapa kubwa ambalo moto huwashwa juu yake. Limeng'olewa katika nyumba saba. Limebaki katika moja tu, ile ya Antoine. Umewahi kusikia lolote juu ya hilo?

Tena naomba kurudi Agosti, niufungue kidogo ule ukuta mkubwa wa kando ya barabara, pale ng'ombe walipousukuma. Una mawe pande zote mbili na udongo umejazwa katikati. Ningependa kujua ulijengwa lini.

Wako,
Fergal Tarpey


Cluain Ard
9 Julai 1983

Fergal,

Nimekulisha wiki mbili, kwa hiyo ubwana basi.

Hapo umekipata ulichokuja kukitafuta, na wala hujui kama umekipata. Kwetu moto wa meko haukuzimwa. Usiku ulifunikwa majivu, asubuhi ukaamshwa, mama akamwachia binti, binti akamwachia wake. Msimamizi alipokuja kukufukuza alimwaga maji kwenye meko mbele ya macho yako, na tangu hapo nyumba haikuwa yako tena. Sasa wale saba walipoyaona maji yanakuja waliyang'oa mawe wenyewe wakayatupa, asije mtu mwingine akaota moto wao. Hizo ndizo hasira za akina Lavelle, hawajabadilika. Myles aliwahi kuvunja mlango wa zizi lake mwenyewe kwa sababu ulikuwa ukilia.

Na jiwe letu? Lipo. Halikumwagiwa maji. Liandike hilo kwa herufi kubwa.

Ukuta ufungue tu. Aliujenga Antoine kwa mikono yake, hilo hata maadui zetu wanalikubali, na hakuna ukuta kama huo parokia nzima. Baba alikuwa akipita kando yake akiugonga kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayempapasa farasi wake.

Ukumbi nimekwisha kuukodi, Jumapili ya tarehe 13 Novemba baada ya misa. Kasisi aliniuliza ni shughuli gani. Nikamwambia ni yangu.

Sabina


Galway
3 Oktoba 1983

Mpendwa Bi. Gaughan,

Nisamehe kwa kuondoka Agosti bila kupita kwako, na kwa zile barua zako mbili ambazo sikuzijibu. Kazi imekuwa nyingi.

Ripoti nimeiambatanisha. Kwamba Antoine alibaki, na kwamba jiwe la meko yake halikung'olewa, nimeandika ukurasa wa kwanza kama ulivyotaka. Mwishoni kuna sehemu fupi kuhusu ukuta, inayosema kwamba baada ya kijiji kuachwa baadhi ya mawe ya nyumba yalitumika tena katika ukuta wa mpaka, na kwamba mjenzi hajulikani. Sehemu hiyo unaweza kuiruka utakaposoma. Habari za kuta huwachosha watu.

Natumaini utaridhika.

Wako,
Fergal Tarpey


Cluain Ard
10 Oktoba 1983

Fergal,

Mtu akiniambia ruka hapa, hapo ndipo ninaposimama.

Asubuhi nilikwenda pale ulipoufungua ukuta ukaufunika turubai. Nikalivua turubai, nikatia mkono kwenye udongo nyuma ya lile bapa lililosimamishwa chini. Upande wa nje, unaoonekana barabarani, ni jiwe safi. Upande wa ndani ni mwekundu, umepasukapasuka kama mkate ulioungua, na vidole vyangu vilitoka na masizi. Nimepika juu ya jiwe kama hilo tangu utotoni, sihitaji kuambiwa ni nini. Nikachukua jembe nikaufuata ukuta. Nikapata la pili, na la tatu. Kwenye la nne goti langu lilikataa, nikakaa chini kwenye nyasi zenye umande hadi ng'ombe wakaja kunitazama.

Kwa hiyo akina Lavelle hawakuyatupa mawe yao. Sisi tunayo.

Halafu unaniandikia "mjenzi hajulikani". Mimi mwenyewe nilikuandikia ni nani aliyeujenga. Nilijisifu. Wala usije ukaniambia kwamba ni vibarua wa msimamizi. Mgeni angeyaweka vyovyote, uso ndani, uso nje, kwake ni mawe tu. Haya yote yamegeuzwa ndani. Aliyeyageuza aliyafahamu moja moja. Alikuwa ameketi mbele yake wakati wa baridi, amekula viazi vya wenyewe, kisha hakutaka yamtazame kila akipita. Na baba yangu alikuwa akiugonga ukuta huo kwa fimbo, akinifundisha kujivuna.

Sikukuomba huruma, nilikuomba maandishi. Andika upya, na jina uliweke.

Sabina


Galway
17 Oktoba 1983

Mpendwa Sabina,

Yote uliyoyaona niliyaona Agosti, na niliyaelewa siku ileile. Ndiyo maana sikupita kunywa chai. Nilijiambia kwamba nakulinda wewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikijilinda mimi, nisikae jikoni kwako nikila mkate wako huku nakijua ninachokijua.

Nimeandika upya. Jina lipo. Nimeandika pia kwamba ukuta umezunguka matuta ya familia zote nane, na kwamba ulijengwa muda mfupi baada ya wao kutolewa, kwa sababu nyasi hazikuwa zimeota chini yake. Nimepima mashimo ya meko na mawe manne tuliyoyafikia Agosti kisha tukayafukia, na najua lipi lilitoka nyumba ipi.

Nina ombi moja. Usisome. Hakuna anayekudai, na hapa Galway ipo rafu ya ripoti ambazo hazijafunguliwa na mtu. Au niruhusu nisome mimi, watu wanikasirikie mimi kisha niondoke. Wewe unaishi hapo.

Fergal


Cluain Ard
14 Novemba 1983

Fergal,

Nimesoma.

Ukumbi ulijaa, kwa sababu walikuja kumcheka Sabina Gaughan akijisifia ukoo wake kwa karatasi za chuo kikuu. Nilisoma kwa Kiayalandi kisha kwa Kiingereza, asije mtu akasema hakuelewa. Nilipofika kwenye jina la Antoine nililisoma mara mbili. Sehemu ya mawe niliisoma bila miwani, nilikuwa nimekwisha kuihifadhi.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu, unanijua. Hakuna aliyenitukana. Walinyanyuka wakatoka, na akina mama wakabaki kupanga viti, nami nikasimama pale mbele na karatasi zangu kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Myles Lavelle alikuwa nyuma kabisa, kofia magotini. Alitoka wa mwisho. Hakuniangalia.

Nimelia, sitakuficha, lakini nililia nyumbani kwangu na mlango nimeufunga. Sasa nimemaliza. Kesho naanza kuubomoa ukuta. Kila jiwe nitalirudisha kwenye nyumba yake.

Sabina


Galway
17 Novemba 1983

Sabina,

Usiubomoe. Nilipopeleka ramani zangu kwenye ofisi ya serikali Dublin, ukuta uliandikishwa pamoja na magofu. Sasa ni mali iliyohifadhiwa kwa sheria, na anayeugusa bila kibali hupelekwa mahakamani. Aliyeuandikisha ni mimi. Kibali kinaweza kupatikana, ila ni kazi ya miezi, na huenda wakakataa. Nakusihi usubiri.

Fergal


Cluain Ard
21 Novemba 1983

Fergal,

Waulize hao wa Dublin sheria yao ilikuwa wapi ukuta ulipokuwa ukijengwa. Sisubiri.

S.


Ng'ambo ya barabara
25 Novemba 1983

Sabina Gaughan,

Sisemi na wewe. Naandika, na kuandika si kusema, kwa hiyo sijavunja kitu.

Nimekuona siku tatu hizi una mtaimbo pale ukutani. Umekwisha kuangusha kipande. Acha.

Nilipokuwa mtoto mama yangu alinisimamisha barabarani akanionyesha ukuta ule, akaniambia mawe yetu yamo humo. Alionyeshwa na mama yake. Sisi tulijua siku zote, ila hatukuwa na msomi wa kutuandikia. Umesimama ukumbini ukasema. Sawa, umesema, na umesema bila kupindisha, hilo nakupa.

Lakini ukiubomoa kutabaki nini? Nyasi. Mwakani atapita mtalii aseme hapa pazuri. Na wewe utalala usingizi mnono kwa kuwa umesafisha. Sitaki ulale. Nataka ukuta ubaki, niutazame, na wewe uutazame, mpaka mmoja wetu atangulie.

Mbwa wako anachechemea mguu wa nyuma. Ni mwiba.

Myles Lavelle


Cluain Ard
27 Novemba 1983

Myles,

Mwiba nimeutoa. Asante kwa niaba yake.

Usinifundishe habari ya kulala. Tangu Oktoba sijalala, na sikutegemea mawe yanibembeleze.

Lakini katika moja umesema kweli. Nikiubomoa, Antoine atakuwa ameficha mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu. Basi sibomoi. Ila ukuta unaoutaka uutazame umekupa mgongo maisha yako yote. Mtalii akipita leo atasema fundi huyu alikuwa hodari, na ndivyo tulivyosema sisi. Nitayatoa mabapa moja moja na kuyageuza, upande ulioungua ukae nje, barabarani, kila anayekwenda misa aupite, mimi nikiwa wa kwanza. Dublin wanaweza kunishtaki kwa kubomoa au kwa kugeuza, kwangu ni mamoja.

Pale nilipokwisha kuangusha patabaki wazi. Kondoo wako wakiingia sitamtuma mbwa. Kura za matuta zilipigwa kwa familia nane, na mimi ni wa familia moja tu.

Jiwe lenu ni lile lililo karibu na lango. Fergal Tarpey amelipima na shimo la meko lenu, linaingia bila kubaki nafasi ya kidole. Sitaligusa bila wewe. Jumamosi asubuhi nitakuwa pale. Kama husemi usiseme, kazi yenyewe ni ya mikono.

Sabina Gaughan


Cluain Ard
5 Desemba 1983

Fergal,

Barua ya Dublin imefika. Wanauliza nani ameugusa ukuta uliohifadhiwa, na kwa kibali cha nani. Nimewajibu kwa jina langu kamili, na la baba yangu, na la Antoine, wasipate taabu ya kutafuta. Wewe usinitetee. Wakikuuliza, wachoree ulivyokuwa, kisha wachoree ulivyo, na pale panapoandikwa mjenzi ujaze.

Jumamosi Myles alikuja. Alivaa koti la misa na alikuwa na mtaimbo wake mwenyewe. Alimsalimu mbwa, akamkagua mguu, kisha akaanza upande wake wa ukuta nami nikaanza wangu. Tulitoa mawe ya juu hadi karibu na adhuhuri. Watu wawili watatu walisimama barabarani. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyesogea, na mimi sikuwakaribisha.

Tulipouondoa udongo, bapa likabaki limesimama peke yake, na upande mwekundu ukaonekana. Una alama nyeusi katikati, mahali chungu kilipokuwa kikikaa. Myles alivua kofia. Akaweka kiganja juu ya ile alama akakiacha hapo, akiwa amefumba macho, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mtu mstaarabu angetazama kando. Mimi nilitazama. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu siku ya ukumbi, ya kuomba radhi na ya kujitetea, na niliyaona yote hayana maana, nikayameza.

Mvua ikaanza. Shimo lilikuwa likijaa maji, na jiwe lile si la mtu mmoja. Ilibidi tulinyanyue na kuligeuza pale pale, la sivyo lingezama. Myles aliinama akashika upande wake. Kisha akainua uso akanitazama mimi, si mbwa, na sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia.

"Inua, Sabina," alisema.

Nikainua.

Yamebaki sita. Ukipata nafasi njoo, nguvu zinahitajika.

Sabina Gaughan